Chipsi kuku za Kampala: zimeharibika kweli, au ni sisi tuliozeeka?

Mzawa wa Nsambya
Naomba tulijadili hili kwa amani, maana juzi tuliligombania msibani mpaka wazee wakatunyamazisha. Mimi nasema chipsi kuku ya Kampala si ile tena. Waliokuwa vijana mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili watanielewa. Unashuka Wandegeya au Kabalagala usiku, unamkuta kijana anamenya viazi mbele yako, anavikata kwa kisu, anavimwaga kwenye karai juu ya sigiri na mlio unausikia ukiwa ng'ambo ya barabara. Kuku anazunguka kwenye kioo. Unasimama hapo unasubiri, njaa inazidi, na hakuna anayelalamika. Kisha unafungiwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, pamoja na kabichi na nyanya mbichi, chumvi imenyunyizwa kwa mkono, unakula ukitembea huku vidole vinaungua.

Sasa hivi viazi vinakaangwa saa kumi jioni, vinarundikwa kwenye sanduku la kioo lenye balbu, ukifika saa tatu usiku vinachovywa tena kwenye mafuta meusi tii na kukabidhiwa kwako. Nje vimelegea, ndani vimekauka. Kuku naye hana ladha yake mwenyewe, unachosikia ni unga wa mchuzi aliopakwa.

Swali langu ni hili: ubora umeshuka, au ndimi zetu ndizo zimezeeka? Mimi naamini umeshuka, na nataka kujua nani kaushusha. Halafu viazi vya Kabale vya siku hizi ni maji matupu, lakini hilo tuliache.

Boda wa Ntinda
Hujakosea. Elfu tano ya leo unapewa shingo na bawa. Ukiuliza paja unaambiwa ongeza.

Mkiga wa Rubanda
"Maji matupu." Umeandika maneno mazuri yote yale, ukayamaliza kwa kututukana, kisha unasema tuliache. Hatuliachi.

Kwanza, hivyo mnavyoviita viazi vya Kabale vingi vinatoka Rubanda na Kisoro. Rubanda ni wilaya inayojitegemea tangu 2016, ila mjini kila gunia linaitwa Kabale. Pili, kiazi hakiwi na maji kwa sababu ya kwetu. Kinakuwa na maji kwa sababu kimechimbwa kabla hakijakomaa. Kiazi aina ya Victoria kinataka miezi mitatu hivi ardhini. Sasa dalali anakuja na lori mapema, ana pesa mkononi, shule zinafunguliwa wiki ijayo, mkulima afanye nini? Anachimba. Ukitaka kujua, chukua kiazi sokoni, kisugue kwa kidole gumba. Ngozi ikibambuka kama karatasi iliyolowa, hicho kilichimbwa kichanga. Ukikikata kinatoa maji kisuni. Ukikikaanga kinakunywa mafuta na kulegea kabla hujafika nyumbani.

Kwa hiyo usiseme viazi vya Kabale. Sema viazi vya haraka ya Kampala.

Mzawa wa Nsambya
Ndugu yangu, sikuwatukana wakulima. Nazungumzia kilichofika kwenye kaveera yangu. Iwe dalali, iwe mvua, iwe ada ya shule, mimi mlaji napewa chipsi zilizolala.

Mkiga wa Rubanda
Ulisema Kabale. Hukusema dalali.

Mwana wa Sebei
Kama shida ni maji, nunueni viazi vya Kapchorwa mmalize maneno. Vya mlima Elgon vinakauka vizuri, vinang'aa rangi ya dhahabu. Wakaangaji wa Mbale wanalijua hilo.

Mkiga wa Rubanda
Kapchorwa mnalima mahindi, na shayiri ya viwanda vya bia. Viazi mmeanza juzi.

Mwana wa Sebei
Shayiri ipo, mahindi yapo, viazi vipo. Mlima wetu unatosha kwa vyote. Nyinyi mmelima vipande vilevile vya vilima mpaka udongo umechoka, mnauza majina. Na ugonjwa wa kunyausha tunaletewa na mbegu zenu.

Mkiga wa Rubanda
Mbegu zetu? Kituo cha utafiti cha Kachwekano kiko kwetu, na aina za viazi zilizopandwa nchi nzima zimepitia pale. Uliza Victoria, uliza Rwangume. Mkizaa matunda kwa mbegu yetu msitutukane.

Boda wa Ntinda
Jamani, tulikuwa kwenye kuku.

Mama Karai
Nimesoma tangu mwanzo nikanyamaza, sasa niacheni niseme, maana mimi ndiye mnayemsema. Nakaanga chipsi Nakulabye, na kabla yangu alikaanga dada yangu mkubwa mahali palepale.

Mnakumbuka mwaka 2022? Dumu la mafuta la lita ishirini lilipanda karibu mara mbili ndani ya muda mfupi. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza, alizeti ya huko ikakwama, kisha Indonesia ikafunga kuuza mafuta ya mawese nje mwezi wa nne mwishoni, ikafungua tena mwezi wa tano. Wiki hizo chache zilitumaliza. Michikichi ya Kalangala tunayo, ndiyo, lakini haitoshi nchi nzima na bei yake inafuata ya dunia. Nikawaambia wateja naongeza elfu moja. Nusu yao wakahamia kibanda cha jirani siku hiyohiyo. Siku ya pili nikarudisha bei.

Sasa nisikilizeni. Bei ilisimama, kwa hiyo vitu vingine vikasogea. Kuku niliyemkata vipande vinane nikamkata kumi. Mafuta niliyomwaga baada ya siku mbili nikayachuja na kuyatumia siku ya tatu. Kabichi ikaongezeka, nyanya ikapungua. Sikufurahia. Lakini kodi ya kibanda ni ileile, mkaa unapanda kila msimu wa mvua, na mtoto wangu anasoma.

Kuhusu sanduku la kioo: mnasema mlikuwa mnasubiri. Nani anasubiri leo? Mtu anasimama na pikipiki inanguruma, dakika mbili anapiga honi, ya tatu kaondoka. Nikikaangia kila mteja viazi vibichi, mkaa unaungua jioni nzima na foleni inahama. Mimi nilijua kukaanga ile ya zamani na bado najua. Mlioacha kuinunua ni nyinyi.

Boda wa Ntinda
Mama, pikipiki zimekukosea nini? Sisi tunabeba chakula cha watu. Mteja wa Kyanja anataka chipsi zikiwa moto, nikichelewa hanilipi. Usiposema pikipiki ungekosa nini?

Mama Karai
Sikukutaja wewe.

Boda wa Ntinda
Umesema pikipiki inanguruma, anapiga honi. Huyo ni nani kama si mimi?

Msema Kweli wa Kawempe
Mama Karai ameeleza vizuri habari za Indonesia na Ukraine. Atueleze basi na mafuta ya transfoma za umeme, yale yanayosemwa huibwa na kukaangiwa chipsi.

Mama Karai
Nilijua itafika hapa. Kila mara mwanamke akisema anakaanga chipsi, lazima atokee mtu na transfoma. Wewe umeniona nikipanda nguzo? Umemwona nani? Taja mtaa, taja kibanda. Nanunua dumu lenye muhuri dukani, nafungua mbele ya wateja, na muhuri unabaki mezani kila anayetaka auone. Maneno kama yako yamewafukuzia watu riziki. Hapo nyuma kulikuwa na mama jirani yangu, akasingiziwa hivyohivyo, akaacha kukaanga, sasa anauza mkaa wa kupima kwa bakuli.

Msema Kweli wa Kawempe
Sikusema ni wewe. Nimesema habari zipo.

Fundi wa Nguzo
Niwasaidie kidogo, nimefanya kazi ya laini kwa miaka mingi, tangu enzi za kampuni ya Umeme mpaka UEDCL, kampuni ya serikali, walipochukua usambazaji wa umeme 2025. Mafuta ya transfoma yanaibwa, hilo ni kweli, na linatuumiza. Yale mafuta ndiyo yanayopoza koili na kuzuia cheche, yakitolewa transfoma inaungua na mtaa mzima unalala gizani. Nimepanda nikakuta transfoma kavu kabisa.

Lakini ni mafuta yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini. Si ya mmea, si ya mnyama. Transfoma za zamani zaidi ziliwahi kuwekwa kemikali zinazoitwa PCB, ambazo ni sumu inayobaki mwilini muda mrefu. Kwa hiyo anayeyaweka kwenye karai anaua watu, na anastahili kufungwa. Ila mimi nilichokikuta ni mwizi na transfoma. Mkaangaji sijamkuta. Msiunganishe viwili hivyo kwa sababu tu chipsi za mtu ni nyeusi. Mafuta ya alizeti au mawese yakikaangiwa siku nne yanakuwa meusi yenyewe, yanakuwa mazito, yanatoa povu na moshi mapema. Hayahitaji transfoma.

Msema Kweli wa Kawempe
Kwa hiyo wizi upo na yananunuliwa na mtu. Asante kwa kuthibitisha.

Fundi wa Nguzo
Soma tena nilichoandika.

Mwana wa Ughaibuni
Salamu kutoka Leicester. Nawasoma kwa hamu kubwa, maana nilipokuja Krismasi nilikwenda moja kwa moja Wandegeya kutafuta ile chipsi ya ujana wangu na nikatoka na huzuni. Lakini niwaambie, si Kampala pekee. Marekani wenyewe wanalia. McDonald's walikuwa wanakaanga chipsi zao kwa mafuta ya ng'ombe, mwanzoni mwa miaka ya themanini wakayaacha wakaingia mafuta ya mimea, na wazee wa kule mpaka leo wanasema ladha ilizikwa siku ile. Na yule mzee wa KFC, Sanders, aliiuza kampuni mwaka 1964 kwa dola milioni mbili, kisha akaishi kuiponda. Alisema hadharani mchuzi wao umeharibika, wakati sura yake bado iko kwenye kila ndoo ya kuku. Kama mwenye chakula mwenyewe alilalamika, sisi tunaona aibu gani?

Mwalimu wa Kivulu
Kaka wa Leicester, mafuta ya ng'ombe waliyaacha 1990. Aliyewasukuma zaidi ni mfanyabiashara wa Omaha, Phil Sokolof, aliyepata mshtuko wa moyo akaamua kununua kurasa nzima za magazeti kuwashambulia. Na hadithi haiishii hapo. Mafuta ya mimea yaliyochukua nafasi yale yalikuwa yamegandishwa kwa haidrojeni, yakaja kuonekana yanaumiza moyo kuliko yale ya kwanza, mpaka 2015 serikali ya Marekani ikaamua yaondolewe kwenye vyakula. Kwa hiyo ladha ilibadilishwa kwa ajili ya afya, na afya haikupatikana. Hilo ndilo la kujifunza kwetu: ukibadilisha mafuta umebadilisha chakula chote, maana chipsi ni kiazi, mafuta na chumvi, hakuna mahali pa kujificha.

Ila McDonald's haijawahi kuwa Uganda. Sijui tunaililia ya nini.

Boda wa Ntinda
Watu wa nje mnakuja Desemba, mnalipa elfu ishirini bila kuuliza, Januari mnaondoka na bei inabaki kwetu. Kisha mnatuandikia kutoka kwenye baridi kwamba chipsi zetu zimewahuzunisha.

Mwana wa Ughaibuni
Unanionea. Nimefanya kazi za usiku miaka mingi, nalipa ada za watoto wa ndugu zangu wanne, na hiyo elfu ishirini ilimlisha mtu kama Mama Karai. Kupenda chakula cha kwetu limekuwa kosa?

Boda wa Ntinda
Kupenda si kosa. Kutupandishia ndiyo kosa.

Mama Karai
Mwacheni. Huyo angekuja kwangu ningemkaangia vibichi na angesubiri.

Bibi wa Arua
Wanangu, mnagombana juu ya mafuta na mnasahau mlikuwa mnakula mara ngapi. Nimeishi Kampala miaka ya elfu mbili, nilikuwa nawapeleka wajukuu Kampala Road penye migahawa ya Nando's, Chicken Inn na Pizza Inn. Walikuwa wanapelekwa wakifaulu mtihani. Wanafua shati jana yake. Mtoto aliyepata paja siku ile alilisimulia muhula mzima. Kwetu Arua kuku alichinjwa mgeni akija au sikukuu ikifika, na mtoto hakupewa firigisi. KFC ilipofungua Kampala 2013 watu walipanga foleni kama wanapiga kura, kila mtu amevaa vizuri. Leo mjukuu huyohuyo ni mtu mzima, anakula chipsi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, amesimama, anaangalia simu. Nani atasikia ladha hivyo? Kuku hajabadilika sana. Ameacha kuwa sikukuu.

Mzawa wa Nsambya
Bibi, shikamoo. Lakini hapo sikubali. Mimi sikuwa mtoto wa kupelekwa Kampala Road. Nilikuwa kibarua wa kupakua magunia Kisenyi na chipsi nilikula kila nilipolipwa, yaani mara nyingi. Haikuwa sikukuu, ilikuwa chakula changu cha usiku. Na ilikuwa tamu. Msitwambie utamu ulikuwa kichwani mwetu. Nakumbuka kiazi kilivyovunjika mdomoni, nje gamba jembamba, ndani unga. Hicho ni kitu cha mkononi, hakina uhusiano na mtihani.

Bibi wa Arua
Marahaba. Basi ulikuwa na bahati ya meno.

Daktari wa Kuku
Bibi amesema kuku hajabadilika sana, na mimi kazi yangu ni kuku, siwezi kulipita. Amebadilika, tena sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwafuga pamoja kuku wa uzao wa 1957, wa 1978 na wa 2005, chakula kilekile, siku 56. Wa 1957 alifika gramu 900 hivi. Wa 2005 alifika kilo nne na gramu mia mbili. Huyo wa mwisho ndiye babu wa broila mnayemla Kampala. Anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, hajatembea, hajakwaruza ardhi, msuli haujafanya kazi. Nyama laini, nyingi, na haina la kusema. Wa kienyeji anataka miezi mitano au sita na ndiyo maana supu yake inanukia mpaka kwa jirani.

Na muwe macho na hicho mnachouziwa kama kienyeji. Tangu 2010 tunaye Kuroiler, aliyeletwa kutoka India, ana manyoya ya rangi rangi, anajitafutia chakula, anakua haraka. Ni kuku mzuri kwa mfugaji mdogo, namtetea. Lakini sokoni anapachikwa jina la kienyeji na kulipiwa bei yake.

Mzawa wa Nsambya
Daktari, nakuheshimu, ila kuku aliyekuwa akizunguka kwenye kioo Wandegeya mwaka 1999 naye alikuwa broila. Hakuna aliyekuwa anatuchomea wa kienyeji kwa bei ile. Kwa hiyo uzao haujibu swali langu.

Daktari wa Kuku
Alikuwa broila, ndiyo. Lakini alichinjwa asubuhi akaokwa jioni. Wa leo mara nyingi amegandishwa, ameyeyushwa, wakati mwingine amegandishwa tena umeme ukirudi. Kila akiyeyuka anamwaga maji, na utamu unatoka na yale maji. Ndipo unga wa mchuzi unapoingia kufunika. Na kwenye kioo alikuwa anajipaka mafuta yake mwenyewe akizunguka. Siku hizi wengi wanamchemsha nusu kwanza ili mteja asisubiri, kisha wanamtumbukiza kwenye karai la chipsi. Hapo hata angekuwa kanga angeharibika.

Mkiga wa Rubanda
Sasa mnaona. Kuku kaharibiwa na haraka, kiazi kimeharibiwa na haraka. Lakini aliyetukanwa ni Kabale.

Jirani wa Busia
Mimi niko upande wa pili wa mpaka, lakini chipsi nakula pande zote mbili. Mnakumbuka Kenya, Januari 2022? KFC kule waliishiwa chipsi. Nchi inayolima viazi Nyandarua mpaka vinaoza shambani, na duka linatangaza hakuna chipsi kwa sababu meli imechelewa. Kumbe walikuwa wanaagiza vilivyokatwa na kugandishwa kutoka nje. Watu walikasirika mitandaoni, kukawa na wito wa kuwasusia, mpaka kampuni ikasema itaanza kutafuta viazi vya humo nchini. Mimi hilo liliniuma kuliko bei. Unakula chipsi Afrika Mashariki, kiazi kimesafiri kuliko wewe.

Mkiga wa Rubanda
Jirani, Mungu akubariki. Hilo ndilo nililotaka lisemwe. Wanasema wanataka kiazi kilichokaguliwa tangu mbegu, cha ukubwa mmoja, kisicho na sukari nyingi kisigeuke kahawia kwenye mafuta. Sawa, ni haki yao. Lakini kiazi kama hicho kinahitaji mkulima mwenye mahali pa kuhifadhi na mnunuzi anayesubiri kikomae. Tukipewa vyote viwili, tutawapa viazi vya kuwatosha Kampala na Nairobi. Tusipopewa, tutaendelea kumchimbia dalali.

Mwana wa Sebei
Na sisi wa Elgon tutawapa.

Mkiga wa Rubanda
Nanyi pia. Baada yetu.

Mwalimu wa Kivulu
Niulize kitu. Mzawa aliuliza nani kashusha ubora. Mama Karai alijibu kwa ufasaha kwamba bei ilisimama na kila kitu kingine kikasogea. Hakuna aliyemjibu hata mmoja. Tumeruka kwenye pikipiki, transfoma, Leicester na Kapchorwa.

Boda wa Ntinda
Pikipiki aliitaja yeye.

Mzawa wa Nsambya
Nimjibu basi. Mama Karai, mimi niko tayari kulipa elfu kumi kwa chipsi za zamani. Kiazi kilichokomaa, kimekatwa mbele yangu, mafuta masafi, kuku wa siku hiyo. Na nitasubiri nusu saa. Usituweke sote kapu moja na wanaopiga honi.

Mama Karai
Wewe utalipa, nakuamini. Jirani yako hatalipa. Mimi siwezi kuwasha sigiri kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Karai langu linameza lita nane za mafuta. Nikiyamwaga kila siku, wateja wa elfu tano ndio wanaoyalipia, na hao hawajaomba.

Lakini kwa kuwa umeuliza kistaarabu nitakwambia ninavyofanya. Mafuta mapya naweka Ijumaa, kwa sababu Ijumaa watu wana pesa. Viazi nakata saa kumi, navilowesha kwenye maji mara mbili mpaka maji yasiwe meupe, maana ule wanga ukibaki chipsi zinashikana na kuungua pembeni. Navikausha kwa kitambaa. Nakaanga mara ya kwanza moto wa wastani mpaka viwe laini bila kushika rangi, natoa, vinapoa. Hivyo ndivyo mnavyoviona kwenye kioo na kuvitukana. Mteja akija navirudisha moto mkali, dakika mbili, tatu, vinavimba na kutoa gamba. Kukaanga mara mbili si uzembe. Ndivyo inavyotakiwa. Uzembe ni mafuta ya siku nne, na moto mdogo wa kubania mkaa, hapo ndipo chipsi inakunywa mafuta badala ya kuiva. Njoo Ijumaa kabla ya saa mbili usiku. Ukija Jumatano saa nne usinilaumu.

Mzawa wa Nsambya
Mama, ile ya zamani ilikaangwa mara moja tu. Nilikuwa nimesimama hapo.

Mama Karai
Ulisimama mbele. Aliyekuwa nyuma ya pazia na beseni la viazi vilivyokaangwa mara ya kwanza alikuwa dada yangu.

Mzawa wa Nsambya
Wandegeya si Nakulabye. Yule kijana alikuwa peke yake na hakukuwa na pazia lolote.

Mwana wa Ughaibuni
Mimi namkumbuka kijana wa karibu na taa za barabarani pale Wandegeya, alikuwa na kofia nyekundu. Ndiye huyo?

Mzawa wa Nsambya
Ndiye! Alikuwa anaita kila mtu "profesa" kwa sababu ya Makerere. Yuko wapi siku hizi?

Mwalimu wa Kivulu
Vibanda vya upande ule viliondolewa jiji lilipowasafisha wachuuzi. Wengi walihamia ndani ya mitaa, Katanga na Bwaise. Kodi ya ndani ni kubwa kuliko ya barabarani, hilo nalo liwekwe kwenye hesabu.

Msema Kweli wa Kawempe
Bwaise ndiko transfoma zinakokauka.

Fundi wa Nguzo
Acha, ndugu yangu.

Daktari wa Kuku
Mama Karai, na kuku wa Ijumaa unamtoa wapi? Amechinjwa siku hiyo au ametoka kwenye friza?

Mama Karai
Ijumaa nachinja. Siku nyingine friza.

Mwana wa Sebei
Napendekeza hivi. Nina binamu anayeleta mzigo Kampala. Nitatuma gunia la Kapchorwa Nakulabye. Mkiga atume lake. Zikaangwe Ijumaa moja, mafuta yaleyale, moto uleule, Mzawa aonje bila kuambiwa lipi ni lipi.

Mkiga wa Rubanda
Nakubali, kwa sharti kwamba gunia langu nalichagua mimi shambani, kiazi kilichokaa ardhini mpaka majani yakakauka. Silichukui kwa dalali.

Boda wa Ntinda
Nitakuwepo. Pikipiki nitaizima.

Msema Kweli wa Kawempe
Na dumu lifunguliwe mbele yangu.

Mama Karai
Njooni wote. Magunia mawili mmepata, shahidi wa dumu mmepata. Mkaa hamjataja, na karai la pili la mafuta hamjataja, kwa sababu magunia mawili hayakaangwi kwenye lita nane. Nani analipia?